Spea za hita ya maji nyumbani: ipi uweke, ipi uachie duka

Jioni moja ya Jumamosi, mwezi wa saba, shawa ya umeme kwetu Kiamunyi, Nakuru, ilianza ghafla kutoa maji baridi. Mama yangu, aliyepita miaka sabini na anayesumbuliwa na viungo, alikuwa tayari ameingia bafuni. Nikachemsha maji kwa sufuria, nikayabeba kutoka jikoni huku nikiwaambia watoto wanipishe njia, na moyo ukinidunda hadi nilipoyamimina kwenye beseni. Kesho yake fundi alifungua shawa, akanitolea springi nyembamba ya kupasha maji, iliyokatika katikati. "Mama, ni elementi tu," akaniambia. Lakini siku hiyo ilikuwa Jumapili, na maduka niliyoyajua yalikuwa yamefungwa. Jumatatu nikanunua, kumbe si ya modeli yetu. Jumanne nikairudisha, wakakataa kuipokea. Jumatano ndipo mama yangu alipooga maji moto ya bomba.

Baada ya hapo nikazidisha. Nilinunua elementi tatu, thamostati ya kudhibiti joto, gasketi (mipira ya kuziba) za kila saizi, hata mirija miwili ya vioo ya sola iliyo juu ya paa letu. Miaka mitatu baadaye nikafungua sanduku: gasketi zimekauka kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, mrija mmoja umevunjika chini ya kitanda, na kilichowahi kutumika ni elementi moja na mpira mmoja.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayejiuliza swali nililojiuliza mimi: niweke spea, au nisubiri kitu kiharibike ndipo nitafute? Jibu hutofautiana nyumba kwa nyumba, na mara nyingi bei ya spea yenyewe haihusiki sana.

Hatua ya kwanza: jua hasa ulicho nacho

Usinunue chochote kabla ya kupanda juu na simu yako upige picha. Kuna kibandiko kwenye kila hita chenye jina la mtengenezaji, modeli, volti na wati. Kibandiko hicho hufifia kwa mvuke wa bafuni, kwa hiyo picha ya leo itakuokoa mwaka kesho.

Majumba ya huku kwetu yana hita za aina chache. Iliyo nyingi zaidi ni ile shawa inayopasha maji papo kwa papo, mafundi wanaiita instanti, na nyingi ni za Lorenzetti kutoka Brazil au zilizoigwa umbo lake. Kuna tanki la umeme lililofungwa ukutani au juu ya dari, ambalo wengi wetu tunaliita boila. Kuna sola ya mirija ya vioo au ya paneli bapa. Kuna hita ndogo ya gesi inayowashwa na betri. Na ukienda Molo, Elburgon au Kitale utakuta boila ya kuni: jiko lenye tanki la maji lililozunguka bomba la moshi.

Ukishajua aina, andika vipimo vya kile kinachochakaa. Kwa instanti, andika modeli kamili pamoja na wati na volti za elementi, maana mtengenezaji mmoja ana elementi nyingi zinazofanana kwa macho lakini haziingiliani. Kosa langu la ile Jumatatu lilikuwa hilo hilo: nilibeba jina la kampuni kichwani, sikubeba modeli. Kwa tanki, andika wati, urefu wa elementi, na kama inafungwa kwa uzi wake yenyewe, kama skrubu, au kwa sahani yenye boliti, na boliti ni ngapi. Kwa sola ya mirija, pima kipenyo na urefu. Mirija ya milimita 58 kwa 1,800 ndiyo iliyozoeleka, lakini ile ya milimita 47 kwa 1,500 ipo pia, na haiwezi kukaa mahali pa mwenzake.

Chunguza volti kwa makini. Stima yetu ni volti 240, na elementi nyingi za instanti zimeandikwa 220. Elementi iliyoandikwa wati 5,500 kwa volti 220, ukiipa 240 itavuta karibu wati 6,500, yaani takriban ampia 27. Inafanya kazi, maji yanakuwa moto vizuri, lakini inabanwa kuliko ilivyoundwa. Ndiyo sababu mojawapo ya elementi hizo kukatika mapema kuliko mtu anavyotarajia, na ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuona kwamba kuweka moja nyumbani ni busara. Tahadhari na elementi za volti 127 au 110. Zinatengenezwa kwa nchi nyingine, na zikipotea njia hadi kwenye kaunta ya Nakuru zitaungua mara tu utakapowasha.

Hatua ya pili: jiulize nani ataumia, na spea iko mbali kiasi gani

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Chukua kalamu, uandike majibu ya kweli.

Nani nyumbani hawezi kuoga maji baridi kwa siku tatu? Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti maji ya tanki la juu asubuhi huuma mifupa. Kijana wa miaka ishirini ataruka mara mbili bafuni ayamalize. Mtoto mchanga, mama aliyejifungua juzi, mzee mwenye viungo au mtu aliyetoka hospitali hawawezi. Pia mtu wa kubeba sufuria ya maji yanayochemka ni nani, na anapita wapi? Mtoto akiungua kwa maji hayo, gharama yake haina kipimo. Kama nyumba yako ina mmoja wa hao, uzito uko upande wa kuweka spea.

Ndugu zetu wa Kisumu wana hesabu nyingine. Mji wao uko karibu mita 1,130, joto la ziwa halina haraka ya kuondoka, na wengi huoga maji ya bomba mwaka mzima bila kunung'unika. Kama unaishi Milimani ya Kisumu na hita ni ya starehe tu, usijaze kabati. Pesa hizo zinunulie tanki kubwa la maji.

Swali linalofuata ni la masafa. Piga simu maduka matatu ya vifaa vya umeme na mabomba, tuma picha ya kibandiko, uliza kama elementi ya modeli hiyo iko kaunta leo. Usiulize kama wanaweza kuipata, uliza kama wanayo mkononi. Ukiwa mjini, na maduka mawili ya Kenyatta Avenue au Gusii Road yanakwambia njoo uchukue, basi hilo duka ndilo kabati lako, na spea nyingi unaweza kuziacha huko huko. Lakini yote matatu yakisema "tutaagiza Nairobi", hesabu siku. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 160, na kifurushi kikipandishwa matatu asubuhi unaweza kukipata mchana. Kinachokula siku ni kumtafuta mwenye nacho, kukosea saizi, na kurudisha. Mtu wa Mau Narok au Olenguruone anaongeza safari ya kuja mjini, na wakati wa mvua barabara ina uamuzi wake.

Mimi nimejiwekea kanuni hii: kama spea inachukua zaidi ya siku moja kunifikia, na kuharibika kwake kunazima maji moto ya mama yangu kabisa, inakaa nyumbani. Sharti moja likikosekana, haikai.

Wenye nyumba za kupangisha wana faida moja ambayo wengi hawaitumii. Ukiwa na nyumba nane zenye shawa za aina tano, utahitaji spea za aina tano na bado utakosea. Kila shawa inapokufa, weka ya modeli ile ile. Baada ya muda elementi mbili kabatini zitahudumia ploti nzima, na mpangaji hatakupigia simu mara nne kwa jambo moja.

Hatua ya tatu: chambua kifaa kimoja kimoja

Kwa instanti, weka elementi moja ya modeli yako hasa. Huuzwa kwa mamia ya shilingi, haiozi, haichukui nafasi, na ndiyo inayokufa mara nyingi. Pamoja nayo weka ule mpira mwembamba wa ndani, dayaframu, unaosukumwa na maji ili kugusanisha vituo vya umeme. Ukitoboka au ukilegea, maji yatapita lakini shawa haitawaka, na mtu asiyejua atalaumu elementi. Usinunue vituo vya umeme vyenyewe. Vikiungua hadi plastiki ikayeyuka, mwili wa shawa umekwisha, badilisha yote. Tena kama shawa yako ni ya bei ya chini na modeli haijulikani, usihangaike na vipande vyake. Weka shawa nzima ya pili kwenye boksi lake, na itakapofika zamu yake, fundi ataifunga kwa nusu saa.

Tanki la umeme linataka mawazo zaidi. Elementi yake imefunikwa kwa ganda la chuma, inadumu kuliko ya instanti, na kuibadilisha ni lazima umwage maji yote. Ukiiweka, weka na gasketi yake, kwa sababu gasketi ya zamani ikishafunguliwa mara nyingi haikubali kuziba tena. Thamostati ni ndogo, nayo huharibika. Kama yako ni ya fimbo inayochomekwa kwenye elementi, andika urefu wa fimbo, na ukiwa mbali na mji ni sawa kuweka moja. Elekeza thamostati kwenye nyuzi 60. Chini sana, bakteria wa Legionela wanaweza kustawi ndani ya tanki. Juu sana, unachoma ngozi za watu na unakula tokeni za stima.

Ndani ya tanki kuna kitu ambacho watu wengi hawajawahi kukiona: fimbo ya magnesiamu iitwayo anodi. Kazi yake ni kuliwa na kutu ili tanki lisiliwe. Hii si spea ya kuweka kwa dharura, kwa sababu anodi ikiisha hutaona dalili yoyote. Maji yataendelea kuwa moto hadi siku tanki litakapotoboka, na tanki lililotoboka mwilini halina spea. Mwambie fundi aikague mara moja kwa mwaka, na anunue mpya inapobaki nyembamba kama kalamu au waya wa kati ukianza kuonekana. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona majirani wakibadilisha matanki mazima ambayo fimbo moja ingeyaongezea miaka.

Valvu ya usalama, ile inayotoa matone maji yakipanuka, usiiweke kabatini. Ikikataa kufanya kazi, zima hita na ununue mpya siku hiyo hiyo au kesho, kisha uwashe. Kamwe usikubali mtu aizibe kwa plagi "kwa muda tu". Tanki la maji moto lisilo na pa kupumulia ni bomu juu ya vichwa vya watoto.

Sola ya mirija imegawanyika mara mbili, na uamuzi wako unategemea upande uliopo. Kuna sola ambayo maji yenyewe yanaingia ndani ya mirija. Hapo mrija mmoja ukivunjika, tanki lote linamwagika na nyumba nzima haina maji moto. Kuna nyingine yenye bomba la shaba ndani ya kila mrija, na maji hayaingii kwenye kioo. Hapo mrija ukivunjika unapoteza joto kidogo tu na unaweza kungoja wiki mbili bila shida. Ukiwa na ya kwanza, weka mrija mmoja au miwili pamoja na pete zake za mpira, hasa kama unaishi maeneo ya mvua ya mawe. Kericho na Nandi Hills zinajulikana kwa hilo, na hata huku Nakuru tumeshaokota barafu uani. Ukiwa na ya pili, achia duka.

Adui mwingine wa mirija ni mgao wa maji. Tanki linakauka, jua la saa saba linaichoma mirija ikiwa mitupu, kisha maji ya kaunti yanarudi ghafla na kuingia baridi kwenye kioo kilichopata moto mkali. Kioo hupasuka. Ukijua maji yamekatika, funga koki ya kuingiza kwenye sola, na uifungue jioni au alfajiri mirija ikiwa imepoa. Koki hiyo iliyofungwa kwa wakati wake inashinda mirija minne kabatini.

Kwenye hita ya gesi, weka betri tu. Nyingi hutumia mbili kubwa za volti 1.5, na betri ikichoka cheche hazitoki, mtu akadhani mashine imekufa. Mengine yote, yaani valvu, bomba la gesi, kichomeo, usiyaweke na usiyaguse. Bomba la mpira huzeeka hata likiwa kabatini. Na kama hita ya gesi imefungwa ndani ya bafu lisilo na njia ya hewa, tatizo lako limepita spea: iondoe humo. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua mtu akiwa anaoga.

Boila ya kuni haina mengi. Boya la tanki dogo linaloingiza maji, na wavu wa kushikilia makaa. Fundi wa jua kali atakuchomelea wavu kwa siku moja.

Breka na swichi kubwa ya bafuni sizihesabu kama spea. Breka ikianguka, inakwambia kitu. Anayeibadilisha ya ampia 32 kwa ya 40 ili isianguke tena ameinyamazisha sauti iliyokuwa ikiwalinda watu wake, na waya wa ukutani utaendelea kupata moto.

Hatua ya nne: kabla ya kununua spea ya tatu, tafuta kinachoua ya kwanza

Kama umebadilisha elementi mara mbili au tatu ndani ya mwaka mmoja, kabati lililojaa halitakusaidia. Kuna chanzo.

Anza na maji. Visima vingi vya Nakuru na vitongoji vyake vina floraidi nyingi, na wenyeji tunaijua kwa rangi ya kahawia ya meno yetu. Lakini kinachoitesa hita ni chumvi kwa jumla. Ndani ya instanti ya kawaida elementi ni waya mtupu unaogusana na maji. Maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi, hivyo waya unaliwa haraka, na stima inaweza kutafuta njia kupitia maji yenyewe. Kwa maji ya aina hiyo kuna shawa maalumu ambazo elementi yake imefunikwa. Waambie dukani unataka ya maji ya chumvi. Ukihamia nyumba ya kisima na shawa yako ya maji ya kaunti, usishangae ikifa mwezi wa pili. Na ukigusa bomba ukahisi stima ikikutekenya, hata kidogo, toka, zima swichi kuu, na usiitumie shawa hiyo hadi fundi akague waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano.

Kisha angalia shinikizo. Instanti nyingi zinahitaji angalau mita moja ya wima kutoka tanki hadi shawa, na mita mbili au tatu ni bora zaidi. Tanki likikaa karibu sana na dari, maji yanapita polepole, mpira unawasha na kuzima, na elementi inapata moto kuliko maji yanavyoweza kuipoza. Vivyo hivyo maji yanaporudi baada ya mgao yakiwa na hewa nyingi: fungua bomba kwanza bila kuwasha umeme, acha likohoe hewa hadi mkondo utulie.

Uunganishaji mbovu unafuata. Fungua kifuniko umeme ukiwa umezimwa. Kama viungio vimekuwa vyeusi au vinanuka kuungua, tatizo liko pale. Instanti ya wati 5,500 na zaidi inataka waya wa milimita za mraba 6 uliotoka moja kwa moja kwenye breka yake. Nimeona shawa imefungwa kwa waya wa soketi, na mwenye nyumba akilaumu elementi feki kila mwezi.

Stima ikipotea, zima swichi ya hita. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa gizani, na nyakati kama hizo umeme unaporudi huweza kuja kwa kishindo. Zisubiri taa zitulie dakika kumi ndipo uwashe.

Hatua ya tano: nunua iliyo halisi, na uipime

Elementi feki utaitambua kwa uzito na kwa umaliziaji wake: waya umepinda ovyo, plastiki ina makunyanzi, boksi halina modeli. Lakini macho hudanganywa. Kwa bidhaa zenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, tuma ujumbe wenye herufi SM, alama ya #, kisha namba ya kibali, kwenda 20023, nawe utajibiwa kibali hicho ni cha nani na cha bidhaa gani. Fanya hivyo ukiwa bado kaunta.

Kama fundi wako ana mita ya kupimia umeme, nenda naye. Elementi nzima ya wati 3,000 kwa volti 240 inapaswa kusoma karibu ohm 19. Ya wati 1,500, karibu ohm 38. Ya instanti ya wati 5,500 kwa volti 220, karibu ohm 9. Ikisoma mbali sana na hapo, si kile kilichoandikwa kwenye boksi. Isiposoma chochote, imekatika tayari. Na ukiwa na elementi ya tanki, gusisha mita kati ya ncha na ganda la chuma: haitakiwi kusoma kabisa.

Mrija wa sola uangalie chini, kwenye ncha iliyofungwa. Inapaswa kung'aa kama kioo cha kujitazamia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na mrija huo hautashika joto, hata kama hauna ufa hata mmoja.

Dai risiti iliyoandikwa modeli, na uliza waziwazi: nikikuta haiingii, mtaipokea hadi lini? Wakikataa, nunua penginepo. Mimi nilijifunza hilo siku ile ya Jumanne.

Hatua ya sita: ijaribu kabla ya kuiweka

Hili sikuambiwa na mtu, nimelifikia mwenyewe, na kwa instanti nalipendekeza sana. Ukinunua elementi ya akiba, mwite fundi siku ya kawaida, jua likiwaka, hakuna haraka. Mwambie aifunge mpya, na ile ya zamani inayofanya kazi ndiyo uiweke kabatini. Kwa njia hiyo unajua kwa hakika kwamba ya mpya inaingia na inapasha, na ile ya akiba imeshathibitika ndani ya shawa yako mwenyewe. Ya zamani haitadumu sana, lakini hutaki idumu. Unataka ikuvushe Jumamosi hadi Jumanne.

Kwa tanki usifanye hivyo, kwa sababu kila ukilifungua unamwaga lita zote na kuitesa gasketi. Linganisha vipimo tu.

Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati nchini, si mtu aliyejifunza kwa kutazama. Na kuwa na spea mkononi kusikutie ujasiri wa kupanda kwenye stuli usiku ukiwa umelowa. Spea inakupunguzia siku za kusubiri, haikufanyi fundi. Nimemwambia hivyo mwanangu wa kidato cha tatu mara nyingi, na nitamwambia tena.

Hatua ya saba: pa kuziweka

Boksi la plastiki lenye kifuniko, kabatini, mbali na jua na mbali na bafu. Mipira na gasketi zifunge kwenye mfuko, usizikunje, na uandike tarehe juu yake. Elementi iache kwenye pakiti yake; panya hawaili, lakini watoto huivuta kama springi ya kuchezea, na ikishavutika haifai. Mrija wa sola ubaki kwenye katoni lake la povu, umelazwa juu ya kabati ambako hakuna anayeweka sanduku juu yake. Wangu uliokuwa chini ya kitanda ulivunjwa na kiatu.

Ndani ya boksi weka karatasi yenye modeli, wati, volti, tarehe ya kununua, na namba ya fundi. Ongeza utepe mweupe wa kufungia nyuzi za mabomba; ni shilingi chache, na bila huo kazi ya jioni husimama. Mwonyeshe boksi hilo mtu mwingine nyumbani, maana hita haingoji wewe uwe umerudi kutoka safari.

Kila mwezi wa tano, kabla baridi haijashuka kutoka Mau, mimi hulifungua. Nabonyeza mipira kwa kidole gumba: ikirudi, inabaki, ikibaki na alama au ikionyesha nyufa, naitupa na kununua mingine. Natazama kama shawa ya mama yangu bado ni modeli ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Mwaka jana haikuwa. Tulikuwa tumeweka ya maji ya chumvi baada ya kuanza kutumia kisima cha jirani, na elementi iliyokuwa kabatini haikuwa na kazi tena kwetu. Nikampa mpangaji wa nyumba ya nyuma, ambaye shawa yake ni ya ile modeli ya zamani, nikapanda matatu kwenda mjini na picha mpya kwenye simu.